Sababu, Dai na Pengo: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Mantiki wa Kuingia Masomo ya Sheria

Ukimaliza kidato cha sita hapa Tabora na ukaomba kusoma sheria katika chuo cha Tanzania, hutafanyishwa mtihani wa mantiki. Chuo kitaangalia ufaulu wako, basi. Kwa hiyo kijana wa Itetemia, Kwihara au Isevya hukutana na mtihani wa aina hiyo kwa mara ya kwanza pale anapoomba nafasi nje ya nchi, na mara nyingi anaukuta akiwa amezoea njia moja tu ya kusoma: kukariri. Katika mtihani huu hakuna cha kukariri. Hakuna tarehe, hakuna vifungu vya sheria, hakuna majina ya kesi. Unapewa hoja fupi usiyowahi kuiona, unaulizwa imesimama juu ya nini, na saa inakwenda.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayejiandaa ukiwa nyumbani, bila kituo cha masomo ya ziada, pengine kwa simu moja na kifurushi kidogo cha intaneti. Inawezekana. Ujuzi wenyewe si mgeni kwetu. Itetemia ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na Mtemi Abdallah Said Fundikira wa ukoo huo alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, akishika wizara ya sheria mwaka 1961 hadi alipojiuzulu mwaka 1963. Barazani kwa mtemi, mzee aliyesikiliza shauri alijiuliza kama sababu alizotoa msemaji zinatosha kubeba dai lake. Mtihani unakuuliza hilohilo, kwa maandishi.

KISANDUKU: NI MTIHANI UPI UNAOKUHUSU?

- Makerere, Kampala. Mwombaji wa shahada ya kwanza ya sheria hufanya mtihani wa kuingilia. Ufaulu mzuri wa kidato cha sita haukuondolei mtihani huo.
- LNAT, Uingereza. Ni kwa wanaoomba shahada ya kwanza ya sheria katika vyuo kama Oxford, UCL na LSE. Una maswali 42 ya kuchagua juu ya vifungu 12 kwa dakika 95, kisha insha moja kwa dakika 40.
- LSAT, Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024 yale maswali ya kupanga watu na vitu kwa masharti yameondolewa. Sasa kuna sehemu mbili za mantiki na moja ya ufahamu zinazohesabiwa, pamoja na moja isiyohesabiwa ambayo hutaambiwa ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35. Alama huanzia 120 hadi 180.

Onyo: Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kama ndiyo kwanza umemaliza kidato cha sita, usitumie pesa yako kwenye LSAT. Angalia Makerere au LNAT.

Unapimwa nini hasa

Kila hoja ina vitu vitatu. Kuna *dai*, yaani jambo ambalo msemaji anataka ulikubali. Kuna *sababu* anazokupa ili ulikubali. Halafu kuna *pengo*, yaani jambo alilolichukulia kuwa kweli bila kulitamka. Karibu maswali yote ya mantiki, hata yakiulizwa kwa sura tofauti, yanazunguka pengo hilo.

Chukua hoja hii, ambayo ukiishi upande wa Kwihara utakuwa umeshaisikia kwa namna fulani:

> *Miembe mikubwa imejipanga kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora. Kwa hiyo miembe hiyo ilipandwa na watu wa misafara.*

Dai: miembe ilipandwa na watu wa misafara. Sababu: miembe iko kando ya njia yao. Pengo: kwamba hakuna mwingine ambaye angeweza kuipanda mahali hapo. Lakini wenyeji wa vijiji vya kandokando wangeweza kuipanda. Pengine hata miti ilitangulia, na njia ikaifuata kwa ajili ya kivuli.

Hapa ndipo mwanafunzi anayeipenda historia ya kwao hukosea. Anasema, "Mbona ni kweli! Babu ameniambia." Inaweza kuwa kweli kabisa, na bado hoja ikawa dhaifu. Huulizwi kama dai ni kweli. Unaulizwa kama *sababu hii iliyo mbele yako* inatosha kulithibitisha. Mtu akikwambia kwamba mbili na mbili ni nne kwa sababu leo ni Jumatatu, amesema kweli na hoja yake haifai. Ukishalikubali hili moyoni, umepita sehemu ngumu kuliko zote.

Hatua za kulijibu swali moja

1. Soma swali kabla ya kifungu. Ujue kama unatakiwa kuimarisha hoja, kuidhoofisha, kutaja dhana iliyofichwa (lile pengo) au kusema nini kinafuata. Ukijua unachotafuta, hutakisoma kifungu mara tatu.

2. Tafuta dai. Jiulize: "Huyu anataka nikubali nini?" Dai si lazima liwe sentensi ya mwisho, watunzi hupenda kuliweka katikati, au mwanzoni kabisa. Ukiwa na shaka kati ya sentensi mbili, ziunganishe kwa "kwa sababu" na usikilize ni ipi inayoisimamisha nyenzake.

3. Liseme dai kwa maneno yako, kwa Kiswahili. Sentensi moja fupi. Ukishindwa kulisema, hujalielewa, na majibu yatakuyumbisha.

4. Taja pengo kabla ya kuangalia majibu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa. Majibu manne kati ya matano ya LSAT yametungwa na mtu mwenye akili kwa kusudi la kukuvutia. Ukiingia humo mikono mitupu utavutwa.

5. Ondoa majibu, usichague. Pita jibu kwa jibu ukitafuta kosa. Jibu linalozungumzia jambo ambalo hoja haikuligusa, liondoe. Lililo kali kuliko kifungu ("daima", "kamwe", "pekee"), litilie shaka.

6. Yakibaki mawili, yalinganishe maneno. Usikisome kifungu upya chote. Tafuta neno moja linaloyatofautisha, kisha rudi kwenye sentensi inayohusika tu.

Kwa maswali ya dhana iliyofichwa kuna kipimo kinachosaidia sana: *kanusha jibu uone kama hoja inaanguka.* Rudi kwenye miembe. Tuseme jibu A ni "Wenyeji wa vijiji vya kando ya njia hawakuipanda miembe hiyo," na jibu B ni "Watu wa misafara walipenda maembe kuliko matunda mengine." Kanusha A: wenyeji ndio walioipanda. Hoja imekufa, kwa hiyo A ilikuwa nguzo yake. Kanusha B: hawakuyapenda kuliko matunda mengine. Hoja bado imesimama, maana mtu anaweza kupanda tunda asilolipenda kuliko yote. B inaonekana kuwa na uzito kwa sababu inataja misafara na maembe, lakini hoja haikuihitaji.

Masharti: mahali alama nyingi hupotea

Hapa tukae kidogo. Sentensi zenye sharti huonekana rahisi, na ndizo zinazowaangusha hata wanafunzi wazuri.

Tuseme kifungu kinasema: *Kila msafara uliopita Unyanyembe ulilipa hongo.* (Hongo ya zama hizo ni ushuru aliotozwa msafiri na mtemi wa nchi anayoipitia. Sentensi yenyewe ni ya kubuni, kwa ajili ya zoezi.) Sasa angalia matokeo haya manne:

- Msafara huu ulipita Unyanyembe, kwa hiyo ulilipa hongo. Sahihi.
- Msafara huu haukulipa hongo, kwa hiyo haukupita Unyanyembe. Sahihi.
- Msafara huu ulilipa hongo, kwa hiyo ulipita Unyanyembe. Si sahihi. Pengine uliilipa Ugogo, nchi iliyojulikana sana kwa hongo, kisha ukageuka.
- Msafara huu haukupita Unyanyembe, kwa hiyo haukulipa hongo. Si sahihi, kwa sababu hiyohiyo.

Kanuni: unaruhusiwa *kugeuza na kukanusha kwa pamoja*. Kugeuza peke yake hairuhusiwi. Kukanusha peke yake hairuhusiwi. Andika sentensi kumi za aina hii kutoka maisha ya mtaani kwako, kila moja uipitishe kwenye matokeo manne, mpaka ufike mahali ambapo huhitaji kalamu.

Kisha jizoeze na maneno yanayoficha sharti:

*"Mpagazi hapati posho mpaka mzigo wake uhesabiwe."* Ukimwona mpagazi ana posho, mzigo wake ulihesabiwa. Lakini mzigo kuhesabiwa hakukuhakikishii kwamba posho imetoka. Huenda kuna masharti mengine.

*"Waliojiandikisha tu ndio watakaoingia."* Aliyeingia alijiandikisha. Haijasemwa kwamba kila aliyejiandikisha ataingia.

*"Wapagazi wote hawakufika."* Angalia sana hii. Kwa Kiswahili cha kila siku inaweza kuwa na maana kwamba hakufika hata mmoja, au kwamba walifika baadhi tu. Kwenye mtihani wa Kiingereza mambo hayo mawili huandikwa kwa sentensi tofauti, na tofauti yake ndiyo alama yenyewe. Kila ukutanapo na sentensi ya namna hii, itafsiri kwa moja kati ya hizi: "hakuna hata mmoja aliyefika" au "si wote waliofika".

Na wingi nao upime. "Baadhi" inaweza kuwa mmoja. "Wengi", kwa maana ya *most* ya Kiingereza, katika mitihani hii ni zaidi ya nusu. "Huenda" haiwi "lazima" hata uisome mara ngapi.

Zoezi la kweli: matokeo ya mwaka 2022

Oktoba 2022 nchi nzima ilibishana juu ya matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo mhitimu wa sheria huipitia kabla ya kuwa wakili. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na waliofeli ni 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ule ni kitabu cha mazoezi kilicho wazi, na nakusihi ukitumie, maana hao walikuwa vijana wenye ndoto kama yako.

Anza na namba. Mtu akisema "wengi walifeli", je, takwimu zinambeba? 265 kati ya 633 ni kama asilimia 42; si zaidi ya nusu. Akisema "wengi hawakufaulu kwa mkupuo wa kwanza", hapo amepatia: ni 607 kati ya 633, karibu asilimia 96. Sentensi mbili zinazofanana sikioni, moja inasimama na nyingine inaanguka.

Sasa hoja mbili zilizokuwa midomoni mwa watu:

> Ya kwanza: Waliofaulu ni 26 tu kati ya 633. Kwa hiyo taasisi inawaonea wanafunzi.
>
> Ya pili: Waliofaulu ni 26 tu kati ya 633. Kwa hiyo vyuo vikuu vinatoa shahada kwa wasiostahili.

Sababu ni ileile, na madai yanapingana. Namba ikiwa inatumika kwa madai yanayovutana, jua kwamba yenyewe peke yake haimalizi lolote. Kila upande umeongeza dhana yake kimyakimya. Wa kwanza amechukulia kwamba wanafunzi waliingia wakiwa tayari. Wa pili amechukulia kwamba mtihani ulitungwa na kusahihishwa kwa haki.

Kazi yako, kwa maandishi: tafuta ushahidi ambao ungeimarisha kila hoja. Kwa ya kwanza, ingesaidia kama karatasi zilezile zingesahihishwa upya na watahini wa nje na alama zikapanda sana. Kwa ya pili, ingesaidia kama wahitimu wa vyuo fulani wangefaulu kwa wingi katika mtihani uleule uliowashinda wa vyuo vingine. Fanya hivyo hata kwa upande usioupenda, tena uanze na huo.

Ratiba ya wiki kumi

Saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, inatosha, isipokuwa siku za mtihani mzima. Sikushauri kukesha, mantiki haipenyi kwenye kichwa kilichochoka.

Wiki ya 1 hadi ya 3: bila saa. Fanya maswali matano tu kwa siku, na kila moja liandikie dai, sababu na pengo. Utaona unachelewa. Chelewa. Kasi inayokuja kabla ya usahihi inakuzoesha kukosea haraka.

Wiki ya 4 hadi ya 7: aina kwa aina. Siku za kudhoofisha, siku za dhana, siku za masharti. Anza kuangalia saa, ila usiifuate.

Wiki ya 8 hadi ya 10: mtihani mzima kwa muda kamili, mara moja au mbili kwa wiki. Sehemu ya mantiki ya LSAT ina maswali kama 25 kwa dakika 35, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Siku zinazobaki ni za kusahihisha.

Kusahihisha ndiko kusoma kwenyewe. Ukifanya maswali mia mbili na kuangalia alama tu, umejipima, hujajifunza. Fungua *daftari la makosa*, na kwa kila swali ulilokosa, au ulilopata kwa kubahatisha, andika:

1. Nilichagua nini, na wakati ule niliona kina ukweli gani?
2. Jibu sahihi ni lipi, na kwa nini? Kwa maneno yako, bila kunakili maelezo ya kitabu.
3. Ni neno gani lililonidanganya?
4. Mara nyingine nitajiuliza nini?

Liandike kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, ndiyo, lakini fikra yako ikiwa bado inahangaika na lugha hutajua kama umekosa mantiki au umekosa msamiati. Andika sababu kwa Kiswahili, kisha chini yake andika sentensi moja ya Kiingereza. Baada ya wiki chache utaona makosa yako yanajirudia: pengine daima unageuza masharti, au unachagua jibu kali mno. Hapo umejua pa kufanyia kazi.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Waandaaji wa LSAT wanatoa mitihani kadhaa kamili bila malipo kwenye tovuti yao ya LawHub, na LNAT nao wana ya mazoezi kwenye tovuti yao. Ipakue siku yenye bando. Kwa ufahamu, soma hukumu za mahakama zetu kwenye tovuti ya TanzLII, ambazo ni bure: chagua fupi, tafuta suala linalobishaniwa, sababu za kila upande, na mahali jaji alipoliona pengo. Na kwa kuwa Mahakama Kuu ina kanda hapa Tabora, nenda siku moja ukae kwenye viti vya nyuma usikilize. Kwa kawaida mashauri husikilizwa mahakama ikiwa wazi. Vaa kwa heshima, zima simu, usirekodi.

Ukiwa na mwenzako anayejiandaa pia, fanyeni hivi mara moja kwa wiki: mmoja atoe hoja, mwingine airudie kwa uaminifu mpaka mwenyewe aseme "ndicho nilichosema", ndipo aikosoe.

Makosa ya kuyakwepa

- Kutumia unayoyajua badala ya kilichoandikwa. Kifungu kikisema mvua Tabora hunyesha mwaka mzima, kwa swali hilo hunyesha mwaka mzima.
- Kudhani jambo lililofuata limesababishwa na lililotangulia.
- Kumpinga msemaji badala ya hoja yake. Ni mlevi, sawa. Hoja yake je?
- Kulipenda jibu kwa sababu limerudia maneno ya kifungu.
- Kung'ang'ania swali moja. Zikipita dakika mbili, weka jibu lako bora, tia alama, songa.
- Kuacha swali wazi. LSAT na LNAT hazikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Jaza yote.

Orodha ya kukagua kabla ya siku ya mtihani

☐ Nimesoma maelekezo ya mwaka huu kwenye tovuti rasmi, si ya ndugu aliyefanya zamani.

☐ Pasi yangu ya kusafiria ni hai, na jina langu limeandikwa kwenye usajili kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi.

☐ Kama ni Kampala, nimepanga safari nifike siku mbili kabla. Kupitia Mwanza na Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni mwendo mrefu, na basi linaweza kuharibika.

☐ Kama ni LNAT, nimehakikisha kituo cha Pearson VUE (kampuni inayoendesha mtihani huo) nitakachokwenda na nafasi yangu imethibitishwa.

☐ Kama nimeruhusiwa kufanya mtihani kwa kompyuta nikiwa nyumbani, nina chumba cha peke yangu chenye mlango unaofungwa, betri imejaa, na nina njia ya pili ya intaneti umeme ukikatika. Familia imeambiwa.

☐ Nimegeuza saa vizuri. Saa za mashariki mwa Marekani ziko nyuma yetu kwa saa saba majira yao ya joto, na saa nane majira yao ya baridi. Ratiba ikisema 12:00 mchana kwao mwezi Agosti, kwetu ni 19:00, yaani saa moja usiku. Mwezi Januari ni saa mbili usiku. Nimeiandika kwa tarakimu za saa 24 na kuibandika ukutani.

☐ Siku ya mwisho sifanyi mtihani mpya. Napitia daftari la makosa kwa saa moja, halafu nalala.